Njia Isiyo na Kivuko

Jumapili, 6 Julai
Gunnvor amestaafu! Miaka thelathini na moja kwenye kantini ya kivuko, akigeuza svele, zile chapati nene tamu za kwetu Norwei, kwenye bamba la moto na kuwamiminia watu kahawa. Kila Julai nchi nzima iko likizo, mke wangu yuko kazini. Mimi nikienda milimani peke yangu kuvua samaki. Aibu tupu. Julai hii ni yetu wawili. Gari la kulala tunalo (kuukuu, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba, lakini lina mapazia). Tunakwenda Lærdal, wiki nzima, taratibu, bila presha. Nimeandika ratiba ya kupumzika. Kurasa sita. Utulivu unaanza saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Jumatatu, 7 Julai
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nikajikata. Bila kivuko! Njia ya kawaida ya Lærdal lazima uvuke fyodi, ule mkono wa bahari katikati ya milima. Lakini mtu aliyenusa dizeli na siagi miaka thelathini na moja, utamfurahishaje kwa kumrudisha humo humo? Nimepata njia ya kuzunguka kwa juu, milimani. Saa nne zaidi tu. Hatauona mlango wa kivuko hata kwa mbali. Simwambii. Ni zawadi. Ramani nimeificha ndani ya buti la kuvulia.

Jumanne, 8 Julai
Jirani Halvard ana gari la kulala jipya, jeupe. Ukibonyeza kitufe turubai linajitandaza lenyewe. Leo kalitandaza mara tatu bila jua wala mvua. Na yeye anakwenda Lærdal Ijumaa. Siri ikanitoka pale uani, sijui ilitokaje. Akacheka mpaka akashika uzio. Akasema bwana Oddvar, kukwepa vivuko nchi hii ni sawa na kuoga bila kulowa. Kisha akauliza kama nimemuuliza Gunnvor mwenyewe. Swali gani hilo? Zawadi haiulizwi! Nikamwambia tutafika kabla yake. Kwa nini nilisema vile, sijui.

Alhamisi, 10 Julai
Kupakia mizigo. Jambo la ajabu. Gunnvor hataki chupa ya kahawa! Niliiweka garini, akaitoa. Nikairudisha, akaitoa tena. Watu gani wanasafiri bila chupa ya kahawa? Hata kumzika baba yake tulikwenda nayo. Aliniambia niiache tu, safari hii haihitajiki. Kazi ngumu imemchosha akili, maskini. Halafu amenunua blauzi ya bluu na kuipiga pasi mara mbili. Akauliza tutavuka saa ngapi. Nikamwambia ataona. Akatabasamu kama msichana. Nilitaka kulia. Hajui lolote!

Ijumaa, 11 Julai
Tumechelewa kuondoka dakika hamsini. Utulivu ukaahirishwa. Njia panda nikakata kushoto. Gunnvor akasema, “Mzee, kivukoni si huko.” Nikamjibu kwa furaha kwamba hakuna kivuko leo, wala kesho, na huo ndio mshangao wenyewe. Akageuka, akaitazama njia tuliyoiacha. Nilidhani ni furaha imemzidi.

Mlima wa kwanza, injini ikachemka. Mlima wa pili, ukungu. Kisha handaki, na ndani ya handaki kondoo saba wamelala katikati ya barabara wakifurahia ubaridi. Nikawabembeleza kwa biskuti. Wakala, wakalala tena. Dakika arobaini! Mwishowe Gunnvor akashuka na blauzi yake ya bluu, akapiga makofi mawili na kuwatangazia kwa sauti ya kantini kwamba tunafunga. Wakainuka wote.

Kahawa hakuna. Hata tone.

Tukiwa tumesimama kupoza injini, picha ikaingia kwenye simu kutoka kwa Halvard. Yuko kivukoni, meza ya dirishani, svele yenye siagi na sukari, kikombe kinatoa moshi. Nikamwonyesha Gunnvor, nikamwambia aone alivyoepushwa. Aliitazama picha ile muda mrefu mno. Kisha akaenda nyuma ya pazia, akavua blauzi, akavaa sweta lake la kuchimbia viazi. Usiku ukatukuta njiani, tukaegesha gari kulala.

Jumamosi, 12 Julai
Lærdal. Halvard yuko chini ya turubai, kavua soksi. Gunnvor ananijibu kwa ndiyo na hapana. Saa tatu na dakika kumi nikamwambia kwamba utulivu umeanza. Akaosha vikombe visivyo na uchafu.

Halvard akaleta kahawa. Akamuuliza mbele yangu, waziwazi, kama ni kweli alikuwa amechoka na kivuko. Gunnvor akaweka kikombe chini. Akasema, “Nilichoka na upande wa kaunta. Upande wa dirishani sijawahi kukaa hata siku moja.” Miaka yote hiyo aliwatazama watu wakikaa pale, wakihudumiwa, wakiangalia maji. Akajiambia akistaafu, mtu mwingine atammiminia yeye. Ndiyo maana chupa alikuwa haitaki. Ndiyo maana blauzi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimempenda mwanamke huyu kwa miaka arobaini, na sikujua kwamba anachotaka ni kiti.

Halvard hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi.

Jumapili, 13 Julai
Tumekwenda kivukoni! Gari tukaliacha ufukweni, tukapanda kwa miguu. Blauzi ya bluu. Kiti cha dirishani kilikuwa na mtalii, nikasimama mbele yake nikakohoa mpaka akahama. Msichana wa kaunta akamletea Gunnvor kahawa na svele mbili mezani, jambo ambalo huwa hawafanyi, lakini nilikuwa nimekwenda kumnong'oneza. Gunnvor akaikata svele, akasema bamba lina moto mkali na unga haukupumzika. Akaimaliza. Akala na yangu.

Safari ile ni dakika kumi na tano tu. Tukifika ng'ambo, tunageuka nacho. Tumevuka mara sita. Mara ya nne akaniegemea begani, akasema, “Tazama maji, mzee wangu.” Nikatazama. Sikuwa na ratiba yoyote mfukoni. Siku nzuri kuliko zote tangu tufunge ndoa.

Jumamosi, 19 Julai
Tumerudi nyumbani. Gunnvor amesema mwakani hataki kwenda popote, anataka kukaa uani na kitabu. Amesema mara tatu, akinishika mkono. Maskini, hataki kunisumbua tu. Lakini mimi sasa ninamjua mke wangu!

Julai ijayo: vivuko vyote vya mkoa, siku kumi na mbili, arobaini na vitatu kwa jumla. Nchi kavu hatutakanyaga ila kulala. Ratiba ni kurasa kumi na tisa, kila kivuko na dakika zake, kila kiti na upande wake. Simwambii. Ni zawadi. Halvard nimemwambia kidogo tu.

Buti si salama, alinikuta natoa ramani. Kwa hiyo ratiba nimeifukia ndani ya pipa la unga. Mtu aliyepika svele miaka thelathini na moja unga hataugusa tena maishani mwake.

Namsikia jikoni. Anaimba. Anauliza nani kafunga pipa la unga kwa nguvu hivi, anataka kutukaangia svele, zilizopumzika vizuri.