Walimu Wenu Wananisikiliza

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Chuo Kikuu,

Shikamoo, ikiwa umenizidi umri, jambo nisiloliamini. Kama hujanizidi, marahaba. Mimi ni mwenyeji wa asili wa bonde hili, niliyesoma darasa la pili na kulirudia mpaka mwalimu akahama. Mwandiko unauona mwenyewe. Naleta mashtaka juu ya walimu wenu waliokuja kushirikiana nasi kuchimba kisima.

1. Hawajui kazi. Badala ya kutuambia tunataka nini, walituuliza. Tena wakawauliza wanawake, eti kwa kuwa wao ndio wanaobeba ndoo kutoka mtoni. Wanawake wakasema kisima kiwe karibu na shule. Mimi nikasema kiwe mlangoni kwangu.

2. Kwetu, jambo la wote halipiti mpaka wote wakubali. Mmoja akikataa, linalala. Hiyo ndiyo mila, na nguzo yake ni mimi. Wataalamu wote waliotangulia niliwakatalia, wa mizinga ya nyuki na wa daraja. Nao, watu wenye adabu zao, walinipuuza wakajenga. Daraja likaenda na maji, nami nikakaa kibarazani nikisema, si niliwaambia? Heshima yangu yote nimeichuma hapo. Hawa wenu wanasema mila iheshimiwe. Nilipokataa walijibu, "Sawa babu, tunakusubiri." Mpaka leo wananisubiri. Mheshimiwa, huo ni ukatili.

3. Kila asubuhi yule mwalimu wa kike mwenye miwani anakuja kuniuliza sababu zangu. Nimekataa mambo tangu sijaota ndevu na sijawahi kudaiwa sababu. Nimempa zote nilizokuwa nazo, sasa natumia za jirani.

4. Mtambo wa kuchimbia umelala uwanjani, kuku wanataga ndani yake. Zamani maji yakikosekana, kosa lilikuwa la serikali. Sasa watu wakiona mtungi mkavu wananitazama mimi. Shemeji yangu ananiita Mheshimiwa Kiu, na mbele za watu.

Kwa hiyo naomba uwaondoe hawa, utuletee wataalamu wa zamani, wale wasiosikia. Ikishindikana, nipe uprofesa wa kukataa, maana walimu wako wanakubali ovyo na wanafunzi wataharibika.

Nisalimie wapishi, walinzi wa geti na wanafunzi waliofeli. Waambie wasikate tamaa, mimi hapa ni mfano.

Nisiyeyumba,
Mzee Sikubali

Nimesahau: Mama watoto ameisoma barua hii, yeye shule alimaliza. Amesema mila ni mila, naye anaiheshimu: maadamu kisima kinanisubiri mimi, basi na ndoo zinisubiri mimi. Jana nimeteremka mtoni mara moja tu, na leo naandika nimelala kifudifudi. Chimbeni pale shuleni, hata kesho. Ila nakusihi kwa unyenyekevu, tangazeni hadharani kwamba nilikataa kabisa, mkanipuuza.