Jiwe la Mwisho la Hobstow

Jumatatu, 29 Aprili

Jumapili tunazunguka mipaka ya kijiji, jiwe kwa jiwe, kama kila mwaka, na fimbo ya kuongoza msafara ataishika jirani yangu Hester Garrod. Tena! Jiwe la mwisho la mpaka limo katika malisho yake, na mwenye jiwe ndiye mwenye fimbo. Hobstow nzima huishia kwake, hula pai zake za nyama ya nguruwe, kisha humshukuru kana kwamba kijiji kilianzia jikoni kwake. Mimi Cuthbert Larkham, ambaye babu zangu wamelima hapa tangu enzi za majembe ya kukokotwa na ng'ombe, hutembea nyuma na mbwa.

Marehemu mke wangu Dorothy alikuwa akisema nina kijicho. Si kijicho. Ni haki.

Wazo limenijia nikikamua. Ili kufika kwa Hester lazima watu wapite langoni kwangu. Je, jiwe likiwa langoni?

Jumatano, 1 Mei

Tayari. Hester alikwenda mjini kutengenezwa nywele, nikaingia na trekta. Jiwe lina uzito wa fahali. Mnyororo ukakatika. Trekta likarudi nyuma na kusaga vitunguu vyangu mwenyewe. Lakini jiwe limesimama langoni, limenyooka.

Tatizo moja: ukoga wote wa kijani uliolifunika umekwanguka, linang'aa kama jipya. Nimelipaka maziwa ya mgando ili ukoga uote upesi. Kila mtunza bustani anaijua dawa hiyo.

Ijumaa, 3 Mei

Mbwa amelilamba jiwe lote.

Pai zangu zimeungua. Nimenunua nyingine dukani na kuzibonyeza kingo kwa kidole zionekane za nyumbani.

Hester amepita. Akalitazama jiwe kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza chochote kuhusu jiwe. Aliuliza kama ninakula vizuri tangu Dorothy afariki, akasema ataniletea supu. Nikamjibu kwamba sina njaa. Nimeona haya kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 5 Mei

Aibu! Sijui nianzie wapi.

Msafara ulifika, Mchungaji Philippa mbele, nami langoni na sinia la pai. Nikaeleza kwamba jiwe liko hapa, basi tuishie hapa. Watu wakatazamana. Kwa desturi, kijiji jirani cha Crandle hutuma shahidi asimame upande wa pili wa jiwe. Mwaka huu ni Pocock, mfuga nguruwe. Akalitazama jiwe. Akaitazama nyumba yangu nyuma yake. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Karibu Crandle, mzee Larkham," akasema. "Tumekuokota bure."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Jiwe ndio mwisho wa Hobstow, na kila kilicho nyuma yake ni Crandle. Nyumba yangu iko nyuma yake. Nilipima kila kitu isipokuwa hilo!

Mchungaji ni mgeni kwetu, na ni mtu wa kanuni. Akaniuliza kwa huzuni kama kweli mimi si wa parokia yake, maana makaburi yamebaki machache na ni ya watu wa Hobstow peke yao. Machache hayo ni pamoja na nafasi iliyo kando ya Dorothy. Nafasi yangu. Maneno mawili tu yangetosha: nimelihamisha mimi. Nikafungua kinywa, nikasema labda ardhi hutembea.

Walicheka wote isipokuwa Hester. Yeye alisema jiwe halikuwa hapo kamwe. Alipokuwa mtoto walimpindua miguu juu na kumgongesha kichwa kwenye jiwe hilo, kama walivyofanyiwa watoto wote wa Hobstow ili wasisahau mpaka.

"Kichwa changu kinapajua," akasema. "Ni kule chini, kando ya kijito."

Mtu akauliza ni nani basi aliyelihamisha. Hester akatazama tope kwenye trekta langu. Akatazama vitunguu.

"Vijana wa Crandle," akasema. "Wana utani mbaya wale."

Pocock akaacha kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwanamke huyu amesema uongo mbele ya mchungaji, tena Jumapili, kwa ajili yangu. Kisha akala pai yangu ya dukani na kusema ni tamu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimelirudisha jiwe. Kijiji kizima kilikuja kutazama na kunipigia makofi. Kila kofi nililisikia usoni.

Baadaye nikaenda jikoni kwa Hester, kofia mkononi, nimwambie yote. Hakuningoja nianze.

"Najua, Cuthbert. Kaa ule. Sikukutetea wewe. Dorothy alikuwa rafiki yangu, sikutaka alale peke yake."

Nikalia ndani ya supu yake. Nimeapa: sitasema uongo tena maishani.

Jumatano, 8 Mei

Mkutano wa kamati ya kijiji. Wamependekeza nishike fimbo mwaka ujao, kwa kuwa nimelirudisha jiwe kwa mafuta yangu mwenyewe. Nilikuwa na maneno ya kukataa, mazuri sana. Nikasema asanteni.

Hester alikuwa mstari wa mbele, akitazama viatu vyake. Uso uliniwaka moto mpaka masikioni.

Kisha wakaamua Crandle waandikiwe malalamiko makali kuhusu vijana wao. Wakauliza nani ataandika. Mkono wangu ukapanda. Haki ya Mungu sikuutuma.

Nimeanza jioni hii, na lazima niseme inakwenda vizuri. Nimeeleza uchungu wa kijiji. Nimedai waombe radhi. Watu wanaoweza kung'oa jiwe la mababu, nimeandika, halafu wakakaa kimya mwingine akisingiziwa, ni watu wasio na haya hata chembe.

Nimeipigia mstari sentensi hiyo.