Mbao za Kijani, Koti Mbili

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kutoka mtaa wa Ziwani hadi mtaa wa Tena hakuna anayeuza kama mimi, Sydney. Mwaka jana nilimuuzia fundi viatu vyake mwenyewe, akaomba nimpunguzie. Lakini Anko Njogu haoni! Yadi yake ya mbao hapa Mukuru kwa Njenga imelala. Amesema nisipoleta mteja kufikia Ijumaa, narudishwa Kinangop kukamua ng'ombe. Mimi! Na hivi viatu!

Jumanne, 4 Machi
Bahati! Lorraine, yule msanifu anayejenga ofisi Tena, amekuja kwa Austine, yadi ya ng'ambo. Nikatega masikio. Amesema jengo lake ni la kijani, kwa hiyo anataka mbao za kijani tu. Austine akakuna kichwa, eti atauliza mdosi wake. Atauliza nini? Kijani ni kijani, hata mtoto wa nasari anajua. Nikamfuata madam nikamwambia aje Alhamisi na lori.

Jumatano, 5 Machi
Anko yuko Murang'a kwa mazishi. Safi! Nimepaka mbao zote rangi ya kijani, pande zote, koti mbili. Paka wa yadi amepata koti moja. Austine akapita, akauliza kama siku hizi tunauza vyura. Nikamwambia acheke haraka, kesho atakuja kuniomba kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Lorraine akatazama mbao. Akanitazama. Akakaa chini. Nikadhani ni furaha.

Akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Mbao za kijani ni za miti iliyokatwa kwa mpango, shamba linajulikana, na mingine imepandwa mahali pake. Shamba hugonga muhuri kwenye kila ubao, ndio mnunuzi ajue ulikotoka.

Hapo Anko akaingia, bado na suti ya mazishi. Akasema mbao zake zote ni za mkulima mmoja wa Kinangop, akikata mti mmoja anapanda miwili, na kila ubao una muhuri. Lorraine akaruka juu. Kumbe tulikuwa nazo! Akaomba kuuona.

Anko akageukia ukuta wa mbao za kijani.

"Sydney, muhuri uko wapi?"

"Uko salama, Anko. Hata mvua haiwezi kuufikia."

Akakwangua kwa kisu. Rangi ikatoka, na muhuri ukatoka nayo. Lori likavuka barabara, likapakia kwa Austine. Mbao za mkulima yuleyule!

Jumamosi, 8 Machi
Kinangop. Ng'ombe wanne, na hakuna hata mmoja aliyesifu viatu. Yule mkulima wa miti ni jirani, na miche yake imepauka kwa jua. Nimekuja na nusu mkebe wa ile rangi.

Lakini nimejichunguza, kama mtu mzima. Nakubali, nilikosea kitu kimoja: koti mbili. Ningepaka moja tu, muhuri ungeonekana.