Fidia ya Treni na Shangazi Nisiye Naye

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimepata akili! Jirani yangu Revocatus, katibu wa jumuiya yetu hapa Mkolani, alilipwa fidia mwezi uliopita baada ya treni kumchelewesha. Akanunua kiti cha kuzunguka. Kila jioni anakaa barazani, anazunguka. Akinisalimia, anazunguka. Nimechoka!

Sasa ni zamu yangu. Alhamisi iliyopita nilipanda treni kwenda Tabora kuchukua asali ya harusi ya binti yangu Evelina. Tukachelewa masaa saba! Njia nzima nililalamika, mjinga mimi. Kumbe nilikuwa nimekalia mali.

Leo nimekwenda stesheni. Karani akanieleza kwamba abiria wa kawaida hupewa pole na nusu ya nauli. Mwenye dharura, ugonjwa au msiba, hurudishiwa nauli yote na fidia juu. Akauliza mimi ni wa kundi lipi. Nikainamisha kichwa. Nikajaza fomu: nilikosa mazishi ya shangazi yangu mpenzi, mlezi wangu, nuru ya ukoo.

Sina shangazi. Baba alizaliwa peke yake. Lakini nilipofika pale kwenye nuru ya ukoo, machozi yalinilengalenga kabisa. Kipaji hicho!

Kasoro moja tu. Nilipogeuka, Revocatus alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, shingo kairefusha hadi begani kwangu. Sijui alisoma kiasi gani.

Jumanne, 12 Agosti

Alisoma yote.

Saa kumi na mbili asubuhi, nje pana turubai. Viti vya plastiki hamsini! Jumuiya nzima imefika. Kina mama na masufuria, mchele, maharage, kuni. Revocatus kakaa mlangoni na daftari la rambirambi. Kila anayeingia ananikumbatia. Mke wangu Sabina akanivuta jikoni, akauliza ni shangazi yupi huyo. Nikasema dada wa baba, wa mama mwingine, alihamia Tabora zamani sana. Akaniangalia muda mrefu. Kisha akaenda kuchemsha chai ya watu hamsini.

Mzee Ndalahwa, balozi wetu wa nyumba kumi, akasimama kutoa neno. Akasema anamkumbuka marehemu vizuri! Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, hodari wa kulima mpunga. Yeye Ndalahwa aliwahi kumposa, akakataliwa mbele za watu. Akalia. Nami nikalia. Sikujua kama shangazi alikuwa mkali kiasi hicho.

Wali ulikuwa mtamu. Nimekula sahani mbili, kwa huzuni.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa! Mzee Apolinary, baba wa bwana harusi, kaja na wazee wenzake wa Kihaya. Suti nyeusi, kofia mkononi. Akasema kwa upole sana kwamba wao hawawezi kucheza ngoma wakati kaburi halijakauka. Harusi ya Jumamosi imesogezwa hadi baada ya arobaini.

Nikasema marehemu asingejali. Wakatikisa vichwa, wakasifu moyo wangu.

Evelina kajifungia chumbani. Alexander, mchumba wake, kahamishiwa kazi Mtwara na anaondoka Jumatatu. Likizo nyingine ni mwakani. Nilisimama nje ya mlango nikamsikia mwanangu analia na mto mdomoni, asije akanizidishia msiba. Iliniuma! Jamani, iliniuma kweli. Nikaamua kusema ukweli wote, liwalo na liwe. Nikaenda hadi sebuleni. Revocatus akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole mbele ya watu wote.

Nikaomba chai.

Alhamisi, 14 Agosti

Akili imerudi! Saa tisa alasiri nimetoka chooni mbio, simu mkononi, napiga kelele. Nikawatangazia kwamba wamepiga kutoka Tabora. Shangazi yu hai! Aliyezikwa ni jirani yake mwenye jina lilelile, mleta habari ndiye aliyechanganya!

Vigelegele! Kina mama waliacha kuchambua mchele wakacheza. Mzee Ndalahwa alipiga magoti kushukuru, kisha akauliza kama aliolewa. Na harusi imerudi Jumamosi! Evelina kanirukia shingoni, karibu aniangushe. Nilijiona waziri.

Ndipo Mzee Apolinary akasafisha koo. Akasema, kwa vile Mungu kamrudisha shangazi, basi ni yeye mwenyewe atakayemtoa bibi harusi nyumbani. Wao hawapokei mke kwa mkono mwingine wakati shangazi yupo. Revocatus akajitolea kwenda stesheni kumpokea. Nikasema atakuja kwa basi, treni haziaminiki.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku nzima natafuta shangazi. Hatimaye, sokoni Mkuyuni, nimempata Bi Kashindye, muuza dagaa. Mrefu, mweusi wa kung'aa, sauti ya kuamrisha. Masharti yake: doti mbili za kitenge, kiti cha mbele, na asiulizwe lolote kuhusu Tabora maana hajawahi kufika. Nimekubali. Nikamdokezea habari za Mzee Ndalahwa. Akasema hiyo ni kazi ya ziada.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilimwagiza asimame tu. Hakusimama tu! Upande wa bwana harusi walipofika, Bi Kashindye aliziba mlango kwa mwili wake wote. Akasema binti hatoki mpaka shangazi atulizwe. Wakaleta blanketi. Akalikagua juani, akasema ni jepesi. Wakaleta jingine. Akataka mbuzi! Tumesimama pale masaa mawili na zaidi. Padri kapiga simu mara nne, ya mwisho hakusalimia. Nilitokwa jasho hadi kwenye soksi. Wazee wa Kihaya, wao walifurahi mno. Wakaambiana kwamba huyu sasa ndiye shangazi.

Lakini ndoa imefungwa! Evelina alicheka hadi shela ikamtoka. Wakati wa picha akaninong'oneza kunishukuru, maana siku zote alitamani kuwa na shangazi wa kumpigania. Nilijisikia mtu mbaya, kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Nikageuka kufuta macho. Nikamkuta Sabina anamkodolea macho Bi Kashindye. Ndipo nilipokumbuka kwamba dagaa wa nyumbani kwetu hawajinunui; Sabina ndiye huwafuata sokoni Mkuyuni.

Sabina akatabasamu kwenye picha. Mimi tu ndiye niliyeelewa tabasamu lile.

Jumatatu, 18 Agosti

Alfajiri tumewasindikiza Evelina na Alexander kituo cha basi. Sabina akapunga mkono hadi basi likapotea. Kisha akanigeukia. Alijua tangu Jumanne kwamba naongopa! Alinyamaza kwa ajili ya mtoto tu. Hukumu: nibebe mchele na maharage mwenyewe, kichwani, nyumba kwa nyumba, nirudishe kila rambirambi na kutubu kwa kinywa changu. Halafu niende stesheni nikaifute ile fomu.

Nilianza na Revocatus. Alicheka mpaka akashuka kitini, akakaa chini. Mzee Ndalahwa hakutaka hata kunisikiliza. Alikuwa ananyoa ndevu, ana safari ya kwenda Mkuyuni kununua dagaa, alikoelekezwa na shangazi mwenyewe.

Hadi saa nane nilikuwa nimemaliza nyumba zote. Shingo imekufa ganzi. Aibu tupu! Nimeapa mara tatu kwamba sitarudia.

Saa tisa nikafika stesheni. Karani akasema fomu yangu bado haijaguswa. Naweza kuifuta, au kuirekebisha.

Kuirekebisha! Kumbe inaruhusiwa!

Nikaomba kalamu. Nimeandika hivi: nilicheleweshwa kufika mazishini, na mazishi yenyewe kumbe hayakuwa ya kwetu. Usumbufu mara mbili, fidia mara mbili. Shahidi: shangazi mwenyewe, yu hai na ana akili timamu. Kesho asubuhi namfuata akaweke sahihi, kabla Sabina hajaenda sokoni.