Mlango Usio na Kibao

Jumatano, 4 Juni

Keshokutwa safari. Watoto wametulipia meli ya utalii, siku saba, mimi na mama yao. Shemeji yangu kinyozi, kaka wa mke wangu, kajilipia mwenyewe. Hakuna aliyemwalika.

Nimemwahidi mke wangu jambo moja. Miaka thelathini amepika shuleni. Anapakulia watoto mia nne, halafu yeye anakula mwisho, kasimama karibu na sinki. Basi siku ya kwanza melini, mchana, atakaa kitini, meza ina kitambaa cheupe, na mtu mwingine atampakulia. Katabasamu. Kasema tutaona. Hiyo "tutaona" imenikaa rohoni.

Alhamisi, 5 Juni

Shemeji kaja kutuelimisha. Anasema siku ya kupanda meli watu wote hukimbilia ukumbi wa juu, ule wa kujipakulia, na foleni yake ni balaa. Yeye atamuuliza mhudumu kama kuna kwingine. Kuuliza si ujinga, anasema.

Nilimwacha. Mimi nimetunza stoo ya shule ileile miaka ishirini na sita. Sikuwahi kuweka sukari nzuri karibu na mlango. Kitu kizuri kiko nyuma, na mlango wake hauna kibao. Shemeji anajua nywele.

Mke wangu kachemsha mayai sita ya njiani. Nimeyatoa mkobani wakati anaoga. Mtu haendi karamuni na mayai. Manne nimempa jirani. Mawili nimeyala yasiharibike.

Ijumaa, 6 Juni

Tumepanda saa sita. Asubuhi sikunywa hata chai, nilikuwa naacha nafasi.

Ukumbi wa juu, foleni mpaka kwenye ngazi. Shemeji alisema kweli, lakini sikumwambia. Yeye akaenda zake kutafuta wa kumuuliza.

Tukashuka ghorofa ya tatu. Ukumbi uko wazi, milango yote miwili, na mama mmoja mwenye tai anawakaribisha wapita njia. Mke wangu akapunguza mwendo. Nikamshika kiwiko. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukapita.

Chini zaidi. Mlango wa kwanza usio na kibao: mashuka. Wa pili: mashuka machafu. Hapo mke wangu akauliza mayai yake yako wapi. Nikamwambia ukweli. Kabana mkoba kwapani, kapanda ngazi bila kugeuka. Nikajua nimebakiwa na mlango mmoja tu wa kuokoa heshima yangu.

Na mlango wa tatu ulikuwa wenyewe. Stoo ya meli! Magunia ya unga mpaka darini, makopo yamepangwa kwa ukubwa. Mtunza stoo, mzee mwenzangu, miwani inaning'inia shingoni, akataka kujua nimeingiaje, maana abiria hawaruhusiwi. Mimi nikamwonyesha vitunguu vyake. Vimelala ubavuni mwa viazi. Viazi vitachipua vyote kabla ya wiki kwisha. Akavaa miwani. Akatazama.

Tukavihamisha pamoja, magunia kumi na moja. Akasema tangu aanze kazi hakuna abiria aliyewahi kumwambia neno la maana. Akanipa biskuti mbili. Machozi yalinilenga, na si kwa njaa peke yake.

Kurudi juu, saa tisa na nusu. Chakula cha mchana kimefungwa kila mahali. Nikawakuta ghorofa ya tatu, katika ukumbi uleule wa milango wazi. Shemeji alikuwa amemuuliza mhudumu, mhudumu akanyoosha kidole, basi. Njiani akamwokota dada yake.

Kitambaa cheupe. Mke wangu kaketi, kavua viatu chini ya meza, yule mama mwenye tai anammiminia chai. Sijawahi kumwona amekaa vile, mabega yametulia. Niliona fahari. Niliona na wivu, sifichi. Shemeji alikuwa anachokoa meno polepole, kwa makusudi.

Nikawaambia nimefurahi kuona mpango wangu umefuatwa.

Jumamosi, 7 Juni

Jana jioni chumbani mke wangu alifungua mkoba. Chini kabisa, nyuma ya miwani na vitambulisho, paja la kuku ndani ya karatasi ya mezani. Kubwa. Kaniwekea mimi. Akasema ahadi imetimia, ingawa mwenye ahadi hakuwepo. Nikala.

Halafu nikafikiri. Kipande kizuri kuliko vyote vya siku ile kilikuwa wapi? Chini. Nyuma. Bila kibao. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Shemeji alikula cha mbele, masikini.

Chai ya asubuhi ni saa mbili. Ghorofa ya pili kuna mlango mweupe, hauna maandishi hata herufi moja. Nimemwambia mke wangu avae viatu tuwahi. Anasema nitangulie tu, ila mkoba anabaki nao.