Kiti Changu cha Jumamosi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Basi na ule ujumbe wa watu wa ndege ukaenda kuingia wapi? Kwenye simu ya mwanangu! Kosa langu. Kule ofisi ya tiketi waliniuliza namba, na ya hii simu ninayojirekodia maneno yangu siijui, nikatoa yake. Leo yuko mezani anapaka mkate siagi, simu ikalia, akasoma kwa sauti: safari yako ya kurudi ni Jumamosi, usichelewe.

Kurudi! Mimi nilishaaga. Kitanda nimempa mdogo wangu, kuku nimegawa, jirani nimemwambia tutaonana ahera. Nimekuja kukaa. Ila hapa sijamwambia mtu. Nilitaka wanizoee kwanza, kama kabati la sebuleni, hakuna anayeliuliza litaondoka lini.

Hiyo ya kurudi niliinunua ya kutupa. Kijana wa tiketi alisema kwenda tu ni ghali kuliko kwenda na kurudi. Nikamuuliza, baba, umeona wapi kiatu kimoja kikashinda jozi? Akasema ndivyo ndege zilivyo. Mwizi yule, macho tu yanamsema. Nikamwambia haya, nipe jozi, kimoja nitajua pa kukitupa.

Sasa mkwe wangu anasema, kumbe mama unatuacha Jumamosi! Akatabasamu. Meno yote nimeyaona, mpaka la mwisho.

Jumanne, tarehe 4

Mkwe kaniletea chai kitandani. Chai kitandani! Siumwi, sijazaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu kimevaa aproni.

Mchana nikamkuta chumbani kwangu na utepe wa fundi, anapima ukuta toka mlangoni mpaka dirishani. Nikamuuliza unapima nini. Akasema hamna kitu mama, we pumzika. Hamna kitu kinapimwa? Sijatoka mlangoni, chumba kinagawanywa! Nikaona hapa nikilala nimeliwa.

Jumatano, tarehe 5

Mpango. Naumwa mguu. Mgonjwa haendi uwanja wa ndege. Nimechechemea toka alfajiri, vizuri kabisa. Kufika mchana mwanangu ananiuliza, mama, si ulikuwa wa kulia? Nikamwambia baba, maumivu ya uzee yanatembea, usubiri ufike.

Mkwe akanikanda yote miwili kwa mafuta ya moto. Mikono yake mizuri, siwezi kusema uongo, nilisinzia. Akasema nisihofu, kwenye ndege ataniombea kiti cha magurudumu, nisukumwe mpaka mlangoni.

Umesikia? Nisukumwe!

Alhamisi, tarehe 6

Mguu umepona.

Ijumaa, tarehe 7

Wameniita sebuleni. Mwanangu anakuna kisogo, vilevile alivyokuwa akikuna utotoni, na siku ile alipovunja mtungi akasema ni paka, na paka hatukuwa naye. Akasema, mama, tuliogopa kukuomba, maana tumeona umeshapanga kurudi kwako. Lakini sisi tungependa ubaki. Ukae moja kwa moja.

Mkwe akadakia, kule chumbani alikuwa anapimia kabati, la nguo zangu, fundi yuko kazini, alitaka iwe siri. Machozi yanamlengalenga.

Nilitaka kusema ndiyo. Naapa. Ulimi ulishanyanyuka.

Halafu nikajiuliza: kwa nini? Mtu hakuombi ukae bure. Kuna nini? Mkwe ana tumbo, anatafuta yaya? Au wanasafiri, wanataka mlinzi? Na hilo kabati, lina ufunguo? Atakaa nao nani?

Nikasema, asanteni wanangu, lakini safari ni safari, kiti kimeshalipiwa, ni dhambi kukiacha wazi.

Mimi! Kwa mdomo wangu huu!

Mkwe akalia kabisa. Analia vizuri huyu, hata kamasi anatoa. Amejifunza wapi?

Jumamosi, tarehe 8

Nimekaa juu ya sanduku, halikubali kufungwa. Naongea polepole, kuta za humu nyembamba.

Nimempigia mdogo wangu kwamba narudi. Halafu akauliza, dada, na wewe utalala wapi? Nikamwambia sakafuni, siku mbili tatu. Maana nimeshapiga akili. Nikiondoka hawa wataonyesha rangi yao. Kama ni hila, watanyamaza. Kama ni kweli, watapiga simu. Mara ya kwanza sipokei. Ya pili napokea, nakohoa kidogo. Ya tatu nakata tiketi, kwenda na kurudi, ndiyo rahisi, nakuja hapa, ya kurudi naitupa, na safari hiyo simwambii mtu kitu, nakaa kimya mpaka wanizoee. Hapo hawanipati.

Mwanangu huyo mlangoni. Anasema mama, teksi imefika, ila ukisema neno moja tu namwambia dereva arudi zake.

Neno moja! Unaona anavyonitega?

Haya baba, nakuja. Shika hilo sanduku. Kikapu niachie, nabeba mwenyewe.