Namba ya Baba Kwenye Kioo

Jumatatu, 6 Julai 1987

Nimempa Nadine changamoto mbele ya watu! Dada yangu huyo amenishinda misimu mitatu mfululizo, tena kwa gari la familia lenye viti vya watoto. Sasa basi. Gereji ya marehemu baba inaingiza gari moja tu, na tangu tumzike msimu wa baridi tunaigombania kama paka. Atakayeshinda Jumamosi anaichukua moja kwa moja, pamoja na meza ya kazi ya baba. Nadine akasema sawa, mdogo wangu, anza kutafuta turubai la kufunikia gari lako. Watu wakacheka. Nimewaandika majina.

Jumanne, 7 Julai

Sheria ya mbio zetu hapa Indiana ni ya waoga. Kila dereva anaandika kiooni, kwa rangi nyeupe ya viatu, sekunde atakazotumia kumaliza robo maili. Mwenye gari la polepole anatangulizwa kwa tofauti hiyo. Wa kwanza kufika ndiye mshindi. Lakini ukikimbia haraka kuliko namba yako mwenyewe, umeshindwa! Eti kosa lako ni kasi!

Kioo changu kinasema 11.90. Ndiyo namba ya baba. Gari ni lake hili hili, na picha yake ikiwa na 11.90 kiooni ninayo ukutani. Namba hiyo haiguswi.

Mpango: naachana na petroli, natia methanoli, ile pombe ya viwandani isiyonyweka. Inaongeza nguvu na injini haichemki ovyo. Nikiwa na kasi ya akiba nitamkuta Nadine popote alipo, kisha nakanyaga breki kidogo kabla ya mstari, namaliza kwa 11.90. Yeye hawezi kuwaza hivyo.

Jumatano, 8 Julai

Methanoli inataka kumiminika karibu mara mbili ya petroli, kwa hiyo jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia mafuta, lazima zipanuliwe. Mafundi wana vifaa vyao vyembamba kama sindano. Mimi nilitumia kekee ya kutundikia picha. Jeti tatu zilitoka vizuri. Ya nne imekwenda upande.

Nikawasha. Injini ikapiga chafya mara mbili, ikazimika. Plagi zote nane zimelowa chepechepe. Nadine akapita na kikombe cha kahawa, akauliza kama leo nafua. Nilikohoa tu.

Alhamisi, 9 Julai

Orval, mzee anayekagua magari uwanjani, amenipa jeti nne za shaba za ukubwa unaotakiwa. Ameniomba kwa upole nisimtaje popote. Injini inanguruma mpaka kuku wa jirani wamehama!

Dosari ndogo. Moto wa methanoli hauonekani mchana. Nilisikia harufu, nikajiuliza nani anababua kuku. Nadine akaja mbio na ndoo ya maji ya kuoshea gari, akanimwagia yote, huku mimi nikimfokea kwamba hakuna kinachowaka. Sina nyusi tena. Hata hivyo, nyusi nazo ni uzito.

Ijumaa, 10 Julai

Nimempeleleza Nadine. Ana daftari! Anaandika joto, upepo na unyevu wa hewa kama mkulima wa mahindi. Na anatia petroli ya kawaida kabisa ya pampu. Nilicheka kichakani, akanisikia.

Akanikalisha, akanigawia nusu ya mkate wake wa nyama ya nguruwe, ile nyama inayotokeza pande zote. Akasema, Verlin, gari hilo sasa ni la 11.60, badilisha namba basi, nisije nikakushinda kijinga. Nikamwambia namba ya baba haibadilishwi na mtu. Kisha akasema baba mwenyewe alikuwa akiifuta kila asubuhi kwa kidole gumba, akisoma hewa kwanza, ndipo aandike nyingine. Mbinu chafu hizo! Mkate niliumaliza, lakini kwa hasira.

Jumamosi, 11 Julai

Nadine kaandika 13.40. Mimi 11.90. Akatangulizwa sekunde moja na nusu, akaondoka na viti vyake vya watoto. Taa yangu ikawa kijani. Mungu wangu! Gari hili halijawahi kunibandika kitini namna ile. Nikamfikia. Nikampita. Breki ilikuwa pale pale, nilijua. Nikauambia mguu, sasa! Mguu ukakataa. Nilikuwa na furaha, furaha ambayo sijaipata tangu mazishi, na sikutaka kuipunguza mwendo.

Ubao ukaonyesha 11.58! Nikashuka nikirusha kofia juu. Orval akaja kuninong'oneza kwamba taa ya ushindi imewaka upande wa pili. Nadine alimaliza kwa 13.41. Niliendelea kurusha kofia, maana nilikuwa nimeshaanza.

Jumapili, 12 Julai

Mvua. Gari liko uani chini ya turubai. Nadine kaja na ufunguo, kasema gereji ni yetu sote, ingiza gari, mdogo wangu, acha ukaidi. Nikamwambia mtu wa 11.58 hahitaji hisani. Akaniachia boksi alilolikuta chini ya meza ya kazi.

Picha za baba, thelathini na moja, zote na gari hili. 12.04. 11.97. 12.11. Kila picha na namba yake. Kwenye moja anacheka, kidole gumba cheupe kwa rangi ya viatu. 11.90 ni moja tu, pacha wa ile ya ukutani. Nililia kidogo, sioni haya.

Lakini sasa mambo yako wazi. Baba aliitafuta 11.90 miaka yote hiyo, na siku moja akaipata! Nadine hana jicho la kuona hayo.

Tatizo ni kabureta moja. Kesho nafunga ya pili. Turubai linavuja, na ile 9 ilikuwa imeanza kutiririka kiooni. Nimetoka na rangi ya viatu nikaiandika upya, kubwa zaidi: 11.90.